Mashahidi wa ndoa kwenye utafiti wa ukoo: mwongozo kamili wa kuwasoma, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu naona watu wanakwama palepale kila mara. Mtu anapata rekodi ya ndoa ya babu zake wa zamani, anafurahi, anachukua majina ya maharusi, anachukua majina ya baba zao, anachukua tarehe, afu anafunga faili. Pale chini kuna majina mawili hajayagusa kabisa.

Wengine wanayagusa lakini kwa haraka mno. Wanaona jina la ukoo linafanana, basi wanaandika "kaka" kwenye mti wa familia, binamu yao anakopi, mtoto wa binamu naye anakopi, na baada ya miaka michache hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba yule kaka hakuwahi kuthibitishwa na mtu yeyote.

Jina la shahidi peke yake halikuambii undugu. Linakuambia kulikuwa na mtu, alikuwa hai siku ile, alifika pale, na kuna sababu iliyomfikisha. Kazi yako ni kuitafuta hiyo sababu, na hatua zifuatazo ndio njia yenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Picha ya ukurasa mzima wa daftari la ndoa, sio kipande chenye ndoa yako tu.
- Kurasa za kabla na za baada, angalau ndoa 20 kila upande.
- Orodha ya watu unaowajua tayari pande zote mbili, pamoja na majina ya mama zao ya kabla ya kuolewa. Hii ya mama wengi hawana, na ndio inayofungua milango mingi.
- Jedwali, iwe kwenye kompyuta au daftari la kawaida, lenye safu za tarehe ya ndoa, maharusi, shahidi, saini au alama, na maelezo.
- Njia ya kufikia rekodi nyingine za mahali hapohapo: ubatizo, vifo, sensa, wosia.

Na muda. Shahidi mmoja anaweza kukumaliza jioni nzima, na ni kawaida.

## Hatua ya 1: Tafuta ukurasa wenyewe, sio kopi

Kopi inakupa majina. Ukurasa wenyewe unakupa mikono ya watu, wino, mistari iliyokatwa, nafasi mtu aliyosaini. Ndio maana naanza na hili.

Chukua mfano wa Uingereza na Wales. Kuanzia Julai 1837 ndoa ziliandikwa kwenye madaftari mawili yanayofanana, na kila robo mwaka kopi ikatumwa ofisi kuu ya usajili. Ile kopi ya ofisi kuu imeandikwa na padri au msajili, kwa hiyo "saini" zote unazoziona pale ni mwandiko wa mtu mmoja. Huwezi kulinganisha saini kwenye kopi kama ile. Saini za kweli ziko kwenye daftari la kanisa au la wilaya. Kabla ya hapo ni vilevile kwa zile kopi zilizokuwa zinapelekwa kwa askofu kila mwaka.

Nikuonyeshe kwa nini nasisitiza. Kuna ndoa moja niliifanyia kazi, shahidi wa pili alikuwa mwanamke mwenye jina la ukoo geni kabisa kwangu. Kwenye kopi hamna la ajabu, jina limeandikwa safi. Nilipopata picha ya daftari lenyewe nikaikuza, nikaona kabla ya lile jina geni kuna herufi moja imeanzwa, imekatwa kwa mstari mfupi, afu ndio jina likaendelea. Herufi ile ilikuwa ya kwanza kwenye jina la ukoo la bibi harusi. Mkono wake ulizoea kuandika jina la kwao! Nikarudi nyuma kwenye daftari lilelile, wiki tano tu kabla, nikakuta ndoa yake yeye mwenyewe, baba ni yuleyule wa bibi harusi wangu, na aliyesimama shahidi ni bibi harusi wangu. Dada mtu na dada mtu. Kopi isingenipa ile herufi hata siku moja.

Tahadhari: orodha nyingi zilizoandikwa upya na watu wa kujitolea zinawaacha mashahidi kabisa. Kama orodha haina mashahidi haina maana ndoa haikuwa nao.

Ukifanikiwa: unaona mwandiko wa karani uko tofauti na wa wale waliosaini.

## Hatua ya 2: Andika kilichopo, herufi kwa herufi

Kuza picha, andika jina kama lilivyo, hata kama unajua limekosewa. Usirekebishe sasa hivi. Ukirekebisha mapema unakuwa umeshaamua huyu ni nani kabla hujamtafuta.

Weka pia alama ya nani aliandika mwenyewe na nani aliweka msalaba au dole gumba. Kwenye msalaba, jina limeandikwa na karani jinsi masikio yake yalivyolisikia, kwa hiyo tahajia ya hilo jina haina uzito wowote, usije ukakataa kwamba ni mtu wako eti kwa sababu kuna herufi moja imezidi. Mtu aliyesaini mwenyewe ni tofauti, tahajia yake ni chaguo lake.

Halafu jua neno unalolitafuta kwenye lugha ya rekodi. Kilatini ni *testes*, Kifaransa *témoins*, Kijerumani *Zeugen*, Kiholanzi *getuigen*, Kihispania *testigos*, Kireno *testemunhas*, Kiarabu *shuhud*, ambayo ni mzizi uleule wa shahidi wetu.

Kilatini kina mtego wake. Majina yanabadilika mwisho kufuatana na sentensi, kwa hiyo ukikuta "testibus Petro et Joanne" hao sio Petro na mwanamke anayeitwa Joanne. Ni Petrus na Joannes, wanaume wawili. Nimeona watu wamemwingiza dada ambaye hakuzaliwa kwa sababu ya herufi hiyo moja ya mwisho.

Mtego mwingine unatuhusu sisi wa Kiswahili. Tunachanganya shahidi na msimamizi. Mara nyingine ni mtu mmoja, mara nyingine sio. Kwenye rekodi za Kihispania, kwa mfano, *padrinos* ni wasimamizi na *testigos* ni mashahidi, na wanaweza kuandikwa wote, kila mmoja na kazi yake. Waweke kwenye safu tofauti za jedwali lako.

Ukifanikiwa: mtu mwingine akisoma jedwali lako bila kuona picha anajua nani alisaini, nani aliweka alama, na kwa cheo gani.

## Hatua ya 3: Jua sheria ya mwaka ule na dini ile

Hapa ndio watu wengi wanaharibu, manake wanachukua desturi wanayoijua wao wanaipachika kwenye rekodi ya watu wengine wa wakati mwingine. Swali ni moja: nani aliruhusiwa kuwa shahidi na nani alikatazwa? Ukijibu hilo, nusu ya dhana zako zinakufa zenyewe.

Uingereza na Wales, sheria iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754 ilitaka mashahidi wawili au zaidi wanaoaminika, mbali na mchungaji mwenyewe. Haikutaka wawe ndugu. Waquaker (kundi dogo la Kikristo) na Wayahudi waliachwa nje ya sheria hiyo, kwa hiyo kumbukumbu zao utazikuta na utaratibu wao wenyewe.

Wakatoliki, Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu) uliamua mwaka 1563 kwamba ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu. Hapo napo undugu hautajwi kama sharti.

Ufaransa ni tajiri sana kwa mtafiti. Chini ya kanuni ya sheria ya 1804 ndoa ilikuwa na mashahidi wanne, na walitakiwa kuwa wanaume wa miaka 21 na kuendelea. Wanawake waliruhusiwa kuwa mashahidi mwaka 1897. Sasa fikiria mtu anayetazama ndoa ya huko ya 1850, anaona dada wa bibi harusi hayupo kwenye mashahidi, anahitimisha kwamba dada alishakufa au waligombana. Dada alikatazwa na sheria, basi. Lakini faida yake ni kubwa pia: rekodi hizi zinataja umri wa shahidi, kazi yake, anapoishi, na mara nyingi uhusiano wake na maharusi. Uholanzi ya karne ya 19 iko karibu na hivyo, mashahidi wanne pamoja na umri na kazi zao.

Ndoa ya Kiyahudi ni kinyume kabisa na wanachodhani wengi. Mashahidi wawili wanaosaini *ketubah*, yaani mkataba wa ndoa, hawatakiwi kuwa ndugu wa maharusi, wala ndugu wao kwa wao. Ukienda pale kutafuta mjomba unatafuta mtu ambaye sheria imemzuia. Lakini ndoa ileile ikisajiliwa serikalini, mashahidi wa serikali wanaweza kuwa ndugu. Kwa hiyo angalia karatasi gani umeshika mkononi.

Kwa Waquaker waliohudhuria walisaini cheti, majina mengi kweli, na ndugu mara nyingi wanaonekana wamejikusanya pamoja karibu na majina ya maharusi. Ukipata cheti kama hicho umepata orodha ya jamii nzima ya siku ile.

Norway na Denmark utakutana na *forlovere*, wadhamini wawili waliothibitisha kwamba hakuna kizuizi cha ndoa. Huyo ni mdhamini, sio mtazamaji tu, na mara nyingi ni baba, ndugu au mwajiri.

### Ndoa za Kiislamu: tofautisha walii na shahidi

Hii naipa nafasi yake kwa sababu makosa ni mengi na faida ni kubwa.

Kwa madhehebu ya Shafii ndoa inataka walii wa bibi harusi na mashahidi wawili wanaume, na walii anayeozesha hahesabiwi kuwa mmoja wa hao wawili. Kwa Hanafi mwanamume mmoja na wanawake wawili wanakubalika. Kwa Shia wa Jaafari mashahidi sio sharti la ndoa kusihi. Kwa hiyo usishangae idadi ikitofautiana, uliza kwanza madhehebu.

Mashahidi wanaweza kuwa watu wowote waliotimiza masharti, hata jirani aliyekuja kuswali. Walii ndio dhahabu yako. Kwa Shafii anatoka upande wa baba kwa mpangilio: baba, babu mzaa baba, kaka wa baba na mama mmoja, kaka wa kwa baba, halafu watoto wa kaka, halafu baba wakubwa na wadogo. Ukikuta kaka ndiye aliyeozesha, kuna uwezekano mkubwa baba na babu walishafariki au hawakuweza, na hiyo ni njia nzuri ya kukadiria kifo cha mtu ambaye rekodi yake huna. Ukikuta kadhi ndiye walii, yawezekana hakukuwa na walii wa ukoo, au alikuwa mbali, au alikataa bila sababu.

Tahadhari: baba akiwa hai anaweza kumpa mtu mwingine uwakala wa kuozesha. Tafuta neno "wakili" kabla hujamzika baba wa watu.

Ukifanikiwa kwenye hatua hii: unaweza kuandika sentensi moja juu ya jedwali lako, "Mahali hapa, mwaka huu, dini hii, shahidi alitakiwa kuwa hivi na hakuruhusiwa kuwa hivi." Kama huwezi kuiandika, usiende hatua ya 4.

## Hatua ya 4: Pekua kurasa za jirani

Kama utafanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu wote, fanya hii.

Niliwahi kukaa na shahidi mmoja karibu mwaka mzima. Jina lake la ukoo lilikuwa sawa na la mama wa bwana harusi, nami nikaona mjomba huyo hapo, nikamtafutia mke, nikamtafutia watoto, nikampangia na mahali alipozaliwa. Nilikuwa na picha ya ndoa ile moja tu. Siku nimepata daftari zima nikafungua kurasa mbili nyuma, jina lilelile. Tatu mbele, lilelile. Saini ileile yenye kitanzi kikubwa kwenye herufi ya mwisho kinachorudi chini ya jina zima, ndoa baada ya ndoa, shahidi wa pili kila mara, wa pili, wa pili. Nilihesabu ndoa 40, yeye alikuwemo kwenye 31. Alikuwa mtu wa kanisa, karani au mlinzi wa pale, anayeitwa asaini pale mashahidi wasipotosha. Mwaka wangu ulienda hivyo, na naumia kila nikiona mtu mwingine anaanza safari hiyohiyo.

Fanya hivi. Andika mashahidi wa ndoa 20 kabla na 20 baada, kila jina kwenye mstari wake, afu lipange jedwali kwa jina la shahidi. Itachukua saa moja au mbili.

Jina linalojirudia kwa maharusi wa kila aina, familia tofauti, vijiji tofauti, hilo ni la mtu wa kanisa au wa ofisi. Jina linalotokea mara moja tu, huyo aliletwa na maharusi, ndiye wa kumfuatilia. Na jina linalotokea mara mbili au tatu, kila mara pakiwa na jina la ukoo wako mahali fulani kwenye rekodi, hapo simama kabisa, umekaribia kitu.

Angalia pia ndoa za siku ileile. Wapenzi wawili wawili wakifunga ndoa asubuhi moja wanaweza kushuhudiana, hawa wanawasainia wale na wale wanawasainia hawa. Wanaweza kuwa ndugu waliooa siku moja kupunguza gharama, wanaweza kuwa marafiki, na pia wanaweza kuwa watu waliokutana mlangoni siku hiyohiyo.

Tahadhari: karani naye ana ndugu. Mjomba wa bwana harusi anaweza kweli kuwa ndiye karani wa kanisa. Kwa hiyo ukikuta jina linajirudia usilifute, lipunguzie uzito tu, na nguvu zako zipeleke kwa shahidi yule mwingine kwanza.

Ukifanikiwa: kila shahidi ana moja ya alama tatu kwenye jedwali: wa mahali, wa maharusi, bado sijui.

## Hatua ya 5: Linganisha saini

Hatua fupi. Ukipata jina lilelile kwenye rekodi nyingine yenye saini, kama ndoa yake mwenyewe au wosia, weka picha mbili sambamba kwenye skrini. Usiangalie uzuri wa mwandiko. Angalia herufi kubwa ya kwanza inaanzia wapi, kalamu inainuliwa wapi, jina la kwanza limefupishwa vipi.

Baba na mwana wenye jina moja wanatenganishwa hivi mara nyingi. Lakini mkono wa mtu unabadilika na umri na ugonjwa, kwa hiyo saini mbili za miaka 30 tofauti zikipishana hazikatai kitu. Zikifanana kwenye mambo matatu madogo, hapo una ushahidi wa kuaminika.

## Hatua ya 6: Andika dhana zote kabla ya kutafuta

Watu wanachukua dhana moja wanaikimbilia, na kila wanachokiona kinaifaa. Kwa hiyo kabla hujafungua rekodi nyingine, andika watu wote ambao shahidi huyu anaweza kuwa:

Kaka au dada. Dada aliyeolewa, ana jina jipya. Mume wa dada. Mama mjane aliyeolewa tena, naye ana jina jipya. Baba wa kambo. Mjomba upande wa mama, ambaye hatakuwa na jina la ukoo la maharusi kabisa. Binamu. Mwenzake kazini, mwajiri, mwenye nyumba, jirani, rafiki. Mtu wa kanisa.

Angalia ni wangapi kwenye orodha hiyo ni ndugu wa karibu wenye jina tofauti. Ndio maana mtu anayetafuta majina yanayofanana tu anawapita ndugu zake wa kweli. Kwenye jamii ambazo mwanamke anachukua jina la mume, shahidi mwanamke mwenye jina geni ndiye wa kwanza kumchunguza. Kwenye jamii ambazo mwanamke anabaki na jina la baba yake, kigezo hicho hakifanyi kazi, kwa hiyo jua uko wapi.

Pale rekodi inapotaja uhusiano, neno lenyewe lichunguze. Kifaransa *beau-père* ni baba mkwe au ni baba wa kambo, neno moja watu wawili tofauti kabisa. Kiingereza cha zamani "brother" kinaweza kuwa shemeji. Na sisi wenyewe "ndugu" yetu inabeba kaka, binamu, na mtu wa ukoo mmoja, kwa hiyo ukitafsiri rekodi kwenda Kiswahili hifadhi neno la asili pembeni, usiache "ndugu" peke yake kwenye jedwali.

Ukifanikiwa: una dhana nne au zaidi kwa kila shahidi, na kila moja umeandika rekodi gani ingeivunja.

## Hatua ya 7: Mfuatilie shahidi kama vile ni babu yako

Sasa mtoke naye nje ya ndoa. Mpangilio wangu ni huu, kwa sababu unaanza na vilivyo karibu.

Kwanza ndoa yake yeye, miaka kumi nyuma na kumi mbele, daftari lilelile. Ukiipata angalia baba yake ni nani na mashahidi wake ni nani. Watu wanarudishiana.

Pili, ubatizo wa watoto wa maharusi wako. Shahidi wa ndoa anayerudi kama mzazi wa ubatizo wa mtoto wa kwanza, afu wa tatu, huyo ni mtu wa karibu sana, iwe damu au la.

Tatu, sensa, kama ipo kwa miaka hiyo. Alikuwa anaishi nyumba ya pili? Alikuwa na kazi moja na bwana harusi? Hapo dhana ya jirani au mwenzake kazini inapata nguvu, na ni sawa, rafiki naye ni taarifa. Nne, wosia, wake na wa wazazi wa maharusi. Wosia unaotaja "mkwe wangu" kwa jina umemaliza kesi peke yake.

Mtafiti wa Marekani Elizabeth Shown Mills ndiye aliyeieneza mbinu hii ya kuchunguza marafiki, washirika na majirani wa mtu pale rekodi zake mwenyewe zinapokwama, na mashahidi wa ndoa ndio mlango wangu wa kwanza kuingilia huko.

Hata ukishindwa kumtambua bado umepata kitu: tarehe ile alikuwa hai. Kama shahidi ni baba, na umekuwa unatafuta kifo chake kwenye miaka ya kabla ya ndoa, acha, hamia mbele. Lakini kinyume chake hakishiki. Baba asipokuwa shahidi haina maana amekufa. Labda alikuwa amekaa kwenye benchi akitazama, na waliosaini ni vijana.

Tahadhari: majina ya kawaida. Kama kwenye parokia moja kuna watu sita wenye jina lilelile, usimchague yule anayependeza. Waandike wote sita, umri na makazi, watoe mmoja mmoja.

Ukifanikiwa: una rekodi mbili zisizotegemeana zinazosema kitu kimoja. Rekodi moja na kopi yake hiyo ni moja.

## Hatua ya 8: Geuza swali

Hadi sasa ulikuwa unauliza nani alimshuhudia mtu wako. Uliza pia mtu wako alimshuhudia nani. Hii wengi hawajawahi kuifanya kabisa, na inachosha kwa sababu orodha chache sana zina mashahidi, kwa hiyo inabidi upekue daftari kwa macho, ukurasa kwa ukurasa.

Ila matunda yake ndio haya: bibi harusi wako anaonekana kama shahidi miaka mitatu kabla ya ndoa yake, kwenye ndoa ya mwanamke mwenye jina la ukoo kama lake, na ile rekodi nyingine inataja kijiji cha baba ambacho rekodi yako imekiacha wazi. Baada ya kuolewa anaonekana tena kwa jina jipya. Ukiziweka hizo ndoa kwa mpangilio wa tarehe unaanza kuona dada na kaka wanaondoka nyumbani mmoja mmoja.

Anza na miaka mitano kabla na mitano baada ya ndoa ya mtu wako, parokia yake tu. Ukimaliza ndio upanue.

## Hatua ya 9: Andika hitimisho pamoja na uzito wake

Usiweke mtu kwenye mti wa familia bila kiwango. Mimi natumia vinne: imethibitishwa, inaelekea, dhana, haijulikani. "Imethibitishwa" naipa tu pale rekodi yenyewe inapotaja uhusiano au pale rekodi mbili zisizotegemeana zinapokubaliana na hamna inayopinga. Jina la ukoo kufanana tu ni dhana, hata kama moyo wako unakwambia vingine.

Andika sababu kwa maneno kamili, mistari mitatu inatosha. Kitu kama hiki: "Shahidi wa pili anaelekea kuwa dada wa bibi harusi. Ndoa yake iko daftari lilelile wiki tano kabla, jina la baba na kazi yake ni sawa. Bado sijaona ubatizo wa wote wawili." Mtu akikopi mti wako atakopi na mashaka yako, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwa wale waliobaki "haijulikani" andika tarehe uliyotafuta na madaftari uliyoyapekua, mwaka kwa mwaka, ili usirudie kazi ileile. Wabakishe kwenye jedwali. Kila jina jipya la ukoo linapoingia kwenye familia yako, labda umepata jina la bibi mzaa mama kwenye wosia fulani, fungua jedwali upige msako wa hilo jina kwenye safu ya mashahidi kabla ya kwenda kokote.